Mlinzi wa Funguo za Watu

Watu wa kwetu Nyabiyonza wakitaka kumsifu mtu mwaminifu husema kwamba huyo unaweza kumwachia mtungi wa rubisi na ukarudi ukaukuta umejaa. Mimi sijawahi kusifiwa hivyo, kwa sababu pombe ya ndizi naipenda na kila mtu anajua. Lakini funguo niliachiwa. Kwa muda fulani hapakuwa na mlango wa maana katika kitongoji chetu ambao ufunguo wake haukulala mikononi mwangu, na kama ungeniona nikitembea enzi hizo ungedhani ni askofu amekuja kutoa kipaimara.

Naitwa Gozbert. Ugonjwa wa funguo ulinianza shule ya msingi, nilipofanywa kiranja wa stoo ya majembe. Ulikomaa wakati wa vita vya Kagera. Wenzangu walichukuliwa mgambo wakapelekwa mbele, wengine wakavuka mto, wakarudi na makovu na hadithi. Mimi nilipewa ufunguo mkubwa nikaambiwa nilinde ghala la mablanketi upande wa Kyerwa. Nilipofika nikakuta mablanketi yote yameshagawiwa. Hakuna aliyeniambia niondoke, basi nikalilinda ghala tupu mpaka vita vikaisha. Wenzangu wakianza kusimulia mizinga, nami husema kwamba ghala langu halikuvunjwa hata mara moja, na hapo hakuna wa kunibishia.

Baada ya vita nikarudi kwenye migomba ya baba, nikamwoa Placida, mwanamke mwenye akili nyingi ambaye kosa lake kubwa mnalisoma hapa. Tukaishi kama watu wengine. Kahawa kidogo, maharage, mbuzi, kanisani Jumapili. Huenda ningezeeka bila kumsumbua mtu, kama si mashine.

Mashine ilikuja biashara ya kahawa ilipofunguliwa, miaka ya tisini. Wakulima wa kitongoji tulijiunga tukanunua mashine moja ya dizeli, upande mmoja inakoboa kahawa, upande mwingine inasaga mahindi. Tukaisimamisha kwenye kiwanja cha banda refu la matofali mabichi lililojengwa zamani za ujamaa. Banda lile lina vyumba mfululizo, milango yake imefanana yote, na kila familia ilikuwa na chumba chake cha kuweka kahawa ya maganda ikisubiri kukobolewa.

Mashine haikumsubiri mtu. Zamu yako ikifika nawe uko shamba la mbali, au umekwenda Murongo kwa mambo ambayo watu wa forodha hawakuwa na haja ya kuyajua, basi zamu imekupita. Ndiyo maana tukazoea kumwachia mwendesha mashine funguo za vyumba vyetu. Zamu ikifika, yeye anafungua mlango wako, anatoa magunia, anakoboa, anarudisha kahawa safi, anafunga. Wewe ukirudi unakuta kazi imekwisha. Mpango mzuri kabisa, na mwendesha mashine nikachaguliwa mimi, kwa sababu ya lile ghala ambalo halikuvunjwa.

Msaidizi wangu alikuwa Anastazi. Yeye alibeba magunia, mimi nilibeba cheo. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda wakiwa wamembeba mgongoni. Amekulia hapa, amebatizwa hapa, amemwoa Anonciata hapa. Nyumba yake aliijenga kwenye kiwanja alichopewa na mzee Muhangi, mfugaji mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi wote, kwa makubaliano ya mdomo: aishi, apande migomba yake, na ng'ombe wa Muhangi wakizaa awe karibu. Kiwanja cha mdomo huondoka kwa mdomo, na Anastazi alilijua hilo kila alipoamka. Tena miaka ile kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa wilayani kwetu. Mtu akisikika tu lafudhi yake aliulizwa katoka wapi, hata na watu aliosoma nao katekisimu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu ugeni wake ulikuwa umeshaota mvi.

Mwanzoni funguo zilining'inia kwenye misumari, ukutani mwa chumba cha mashine. Juu ya kila msumari palikuwa na kipande cha boksi kimeandikwa jina la mwenyewe. Na kwenye milango ya banda majina yaliandikwa kwa rangi. Mtu yeyote aliyeleta mahindi ya kusaga aliona ufunguo upi ni wa nani na mlango upi ni wa nani. Hakuna aliyeiba. Hakuna hata aliyefikiria jambo hilo mpaka mimi nilipoenda semina.

Semina ilikuwa Bukoba, ya viongozi wa vikundi. Nilikwenda badala ya mwenyekiti wetu, mzee Athanasi, aliyekuwa anaumwa mgongo. Mchana mmoja, baada ya wali na nyama, akasimama bwana mmoja kutufundisha usalama wa mali ya pamoja. Alisema jambo moja ambalo nililisikia vizuri: funguo za watu zisiwekwe mahali kila apitaye anazisoma, na asiyehusika asijue upi ni wa nani. Alisema na mambo mengine baada ya hapo, lakini wali ulikuwa mwingi na nilisinzia. Baadaye nilikuja kuambiwa na mwenzangu wa Mabira kwamba sehemu niliyoilalia ilihusu kuyajaribu makufuli kabla ya kuyaamini.

Nilirudi nikiwa profesa. Siku iliyofuata nilichukua panga nikakwangua majina yote kwenye milango. Vile vipande vya boksi nikavichoma. Misumari nikaing'oa. Kila ufunguo nikaufunga kamba ya mgomba yenye mafundo ya namna yake, moja fundo kubwa na dogo, nyingine madogo tu, nyingine imesokotwa kwa kushoto, na maana ya mafundo hayo ilikuwa kichwani mwangu peke yake. Kisha nikazitia funguo zote kwenye sanduku la chuma la risasi, masalia ya vita, lililokuwa linatumika kuwekea misumari. Sanduku nikalipiga kufuli. Ufunguo wa sanduku nikauvaa shingoni, juu ya rozari.

Niliuvaa hata nikioga. Ukanichora alama ya kijani kifuani, na Placida akasema nimeanza kuota ukungu kama mkate.

"Na ukifa?" akaniuliza siku moja. "Watu wavunje?"

Hilo bwana wa semina hakulisema, au alilisema wakati wa usingizi. Nikampa Placida ufunguo wa akiba wa sanduku, nikamwapisha. Akaufunga kwenye pindo la kanga yake kama mtu anayepokea kitunguu.

Mzee Athanasi alipoona milango imekwanguliwa alishika kiuno.

"Gozbert, sasa wewe mwenyewe utajuaje mlango wa fulani ni upi?"

"Ufunguo utaniambia, mzee," nikamjibu. "Nikisoma fundo najua mwenye ufunguo. Nikikosea mlango, ufunguo utakataa. Kufuli haliongopi."

Ingenifaa angenizaba kofi. Badala yake akasema, "Haya, waitu, ndugu yetu, wewe ndiye uliyesoma," akaenda zake.

Kwa kusema kweli milango mingi niliijua kwa mazoea, na mambo yakaenda. Nilikuwa nikisimama mbele ya mlango, nasoma fundo kwa vidole huku nimefumba macho kama padri anayebariki, naingiza ufunguo, kufuli linafunguka, namwambia Anastazi atoe magunia. Ufunguo sikumpa hata mara moja. Yeye alisimama pembeni, anangoja, anabeba. Nilijisifu kwa watu kwamba hata malaika Gabrieli akitaka kuingia chumba cha mtu lazima apitie kwangu.

Ndipo kukatokea msiba mkubwa. Kwetu mtu akifa jembe linalala. Huendi shamba, huendi mnadani, unakwenda msibani, na akina mama wanalala hukohuko mpaka matanga yaishe. Kitongoji kizima kilihamia kwa wafiwa. Shangazi yangu Kokuberwa, dada yake baba, alikuwa miongoni mwa waliolala huko. Zamu yake ya mashine ikaangukia siku hizo. Akanituma mtu: "Mwambie Gozbert akoboe kahawa yangu, na iliyo safi asiirudishe bandani, aipeleke nyumbani aiweke chini ya kitanda changu. Nasubiri bei ipande."

Nikafanya kama nilivyoagizwa. Banda halikuwa na mtu. Nikatoa ufunguo wenye fundo la shangazi, nikasimama mbele ya mlango, nikafumba macho, nikafungua. Anastazi akatoa magunia. Tukakoboa, tukapakia kahawa safi kwenye baiskeli, tukasukuma hadi kwa shangazi, tukaipanga chini ya kitanda. Niliona nimefanya kazi ya mpwa mwema, na kwa shukrani nikajimiminia rubisi kidogo kutoka mtungi wake.

Baada ya matanga mzee Muhangi akafika bandani kwa zamu yake. Nikatoa ufunguo wake, nikafungua mlango mbele yake. Chumba kilikuwa kitupu. Kahawa ya msimu mzima ilikuwa imeondoka, zimebaki punje chache sakafuni na panya mmoja aliyetushangaa. Kufuli lilikuwa zima, mlango mzima, bawaba nzima.

Muhangi hakupiga kelele. Ni mtu mrefu, mpole wa sauti, na upole wake ndio unaotisha. Alimgeukia Anastazi, aliyekuwa amesimama pembeni kama kawaida akingoja kubeba.

"Nilikupa ardhi," akamwambia.

"Mzee, mimi sikuchukua," Anastazi akasema.

"Nilikupa ardhi," akarudia, na kumtaja Anonciata na watoto, kwamba wafungashe. Jumapili baada ya misa watu wakae walizungumze, lakini yeye alishaona. Ikithibitika, hawatalala tena kwenye kiwanja chake.

Siku zilizobaki mpaka Jumapili zilikuwa mbaya. Anastazi alikuja kazini, akabeba magunia. Watu walioleta mahindi walimwangalia mikono. Mimi nilikasirika kweli, na nisiseme uongo kuhusu chanzo cha hasira ile: robo ilikuwa kwa ajili ya Anastazi, robo tatu kwa ajili ya sanduku langu. Sanduku langu limewezaje kuibiwa? Nilimwambia Placida kwamba Jumapili nitawaonyesha.

"Utawaonyesha nini?" akauliza.

"Kwamba haiwezekani."

"Lakini imewezekana," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Jumapili kiwanja kilijaa. Mzee Athanasi alikalia kiti, sisi wengine magunia. Muhangi akaeleza hasara yake kwa maneno machache. Shangazi Kokuberwa, ambaye hawezi kuona ugomvi akaupita, akasimama bila kuitwa.

"Mimi nasema hivi. Mwizi wa ndani ndiye anayejua mlango. Huyu kijana anashinda hapa kutwa. Atakuwa amechomoa ufunguo usiku akarudisha."

Nikainuka. Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo kwa siku kadhaa na nilikuwa nimevaa koti. Nikawaeleza watu mpango wangu wote, mafundo, sanduku, ufunguo wa shingoni. Nikafungua vifungo vya shati wakaona alama ya kijani. Nikasema Anastazi hajawahi kuushika ufunguo wa mtu, wala hawezi kusoma mafundo, wala hawezi kulifungua sanduku. Hakuna mtu duniani, nikasema, awezaye kuingia chumba cha mzee Muhangi isipokuwa Muhangi mwenyewe na mimi.

Nikakaa. Nilitegemea makofi. Badala yake nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja kutoka kwa Anastazi kuja kwangu.

"Basi ni wewe," shangazi yangu akasema.

Mchimba shimo huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimelichimba, nikalisawazisha kuta, nikateremkia humo nikiwa na koti. Nilimtazama Placida. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika, na sikujua kama analia. Njia ya kutoka ilikuwa moja tu, niseme kwamba sanduku huwa naliacha wazi nikienda kunywa. Hapo ningepona mimi na Anastazi angefungasha. Yeye mwenyewe alinitazama kwa utulivu tu, kama mtu anayengoja kuambiwa gunia lipi abebe.

Sikusema hivyo. Ningependa mdhani ni kwa wema. Ukweli ni kwamba nisingeweza kuyatamka maneno hayo kuhusu sanduku langu. Nikainuka tena, nikaagiza kufuli la Muhangi liletwe, nikalifunga mbele ya watu, nikalivuta walione lilivyo gumu.

"Anastazi," nikasema, "una ufunguo wa nyumba yako?"

"Ninao, kaka."

"Hebu jaribu nao kulifungua hili. Watu waone kwamba kufuli la mtu halifunguliwi na mtu mwingine. Jaribu kwa nguvu zako zote."

Anastazi akatoa ufunguo mfukoni. Akasita kidogo, akanitazama, kisha akauingiza. Hakuhitaji nguvu. Kufuli lilifunguka kwa heshima zote, kama mlango wa mtu aliyekuwa anamsubiri mgeni.

Watu wakasimama. Muhangi akavuta pumzi ndefu na kusema, "Mmeona wenyewe." Mtu mmoja nyuma akasema mwizi kajifungulia, na mwingine akasema wasimwache akaondoka. Anonciata, aliyekuwa amekaa na akina mama, akasimama na mtoto mgongoni, akaja kusimama karibu na mumewe. Mimi nilikuwa nimeshika kufuli lililofunguka. Katika maisha yangu nimewahi kujiona mjinga mara nyingi, lakini siku ile ndiyo mara ya kwanza ujinga wangu ulikuwa unakaribia kumtoa mtu na watoto wake kwenye nyumba yao.

Ndipo Placida akainuka. Ile mitikisiko ya mabega, nikaona sasa, ilikuwa ni kicheko. Alikuwa ameshaacha kucheka.

"Shikamoo, mzee Athanasi," akasema. "Naomba niseme. Ule ufunguo wa sanduku alionipa mume wangu ulishanipotea, zamani. Niliogopa kumwambia kwa vile nilikula kiapo. Siku moja alinituma nimchukulie ufunguo wa mtu, akanieleza fundo lake, nikajaribu na ufunguo wa jiko langu, sanduku likafunguka. Tangu siku hiyo natumia wa jikoni. Nilidhani ndivyo alivyopanga mwenyewe."

Akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo wake wa jikoni, akaja, akalichukua kufuli la Muhangi mkononi mwangu. Akalifunga. Akalifungua.

Mzee Athanasi akajipapasa mfukoni, akatoa wake. Likafunguka. Akaja shangazi Kokuberwa na wake, akajaribu mara mbili kwa sababu hakuamini. Kisha ikawa foleni, watu wazima na akina mama wanapanga mstari kama wanaokwenda komunyo, kila mmoja anafungua kufuli la Muhangi, anatazama ufunguo wake kama aliyemfumania mkewe, anampisha mwenzake. Wa mwisho alikuwa Muhangi mwenyewe. Ufunguo wake ulisumbua kidogo.

"Ile katoni," mzee Athanasi akasema polepole.

Wote tuliokuwa watu wazima wakati wa hali ngumu tukaikumbuka. Miaka ya themanini mwanzoni, sabuni kwa mgao, sukari kwa mgao, duka la kijiji likaletewa katoni ya makufuli, ya kwanza baada ya muda mrefu. Kila kaya ikapata makufuli mawili matatu, kila moja na funguo zake. Tulifurahi tukaenda kufunga milango yetu, na hatukununua mengine, kwa sababu yale hayakuharibika. Hakuna aliyewahi kujaribu ufunguo wake kwenye mlango wa jirani. Ungeanzaje? Ungemwambia nini akikukuta? Zaidi ya miaka kumi tulilala usingizi mzito, kila mtu ameushika ufunguo wa kitongoji kizima chini ya mto, na hakikupotea hata kijiko.

Watu wakaanza kucheka, cheko la watu walioponea chupuchupu. Mzee Athanasi akasema kesi haipo, maana kama kuweza kufungua ndio wizi, basi wote tufungashe. Muhangi hakucheka. Alisema, na alikuwa na haki, kwamba yote ni sawa lakini kahawa yake bado haipo, na kwamba kati ya watu wote waliokuwa na ufunguo huo, waliokuwa bandani siku za msiba ni wawili tu. Akatutazama mimi na Anastazi. Zaidi alimtazama Anastazi.

Nilikuwa naketi. Sikumaliza kuketi. Siku za msiba. Nilisimama mbele ya mlango nimefumba macho, na nilijuaje kwamba ule ni mlango wa shangazi? Ufunguo uliniambia. Ufunguo ambao ungenikubalia mlango wowote, wa chumba, wa jiko, hata wa kanisa kama paroko alipata mgao wake. Vyumba vya shangazi na Muhangi vimepakana. Majina nilikwangua kwa panga langu mwenyewe.

"Mzee Muhangi," nikasema, "kahawa yako iko chini ya kitanda cha shangazi yangu."

Shangazi Kokuberwa akashika kifua. "Gozbert, mwana wa kaka yangu, leo unaniita mimi mwizi mbele za watu?"

"Hapana, shangazi. Fungueni chumba chake."

Hawakuhitaji kunisubiri nisome fundo. Mtu wa karibu alifungua kwa ufunguo wake. Kahawa ya shangazi ilikuwa humo yote, katika maganda yake, haijaguswa, imemsubiri mwenyewe tangu kabla ya msiba. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na kilichomla Muhangi kilikuwa kimevaa koti na kumwonyesha kifua. Nikasimama pale katikati nikaeleza kila kitu, nilivyofungua, tulivyopakia, hadi kwenye rubisi niliyojimiminia, ambayo hakuna aliyekuwa ameiulizia. Shangazi alisamehe kahawa. Rubisi alinisimanga nayo kwa miaka.

Tukaenda watu wazima wote kuitoa kahawa chini ya kitanda. Muhangi aliihesabu kwa macho, akaridhika. Akasema nimemkobolea bure, kwa hiyo hana malalamiko. Kwa Anastazi alisema, "Basi," na akampa mkono. Kwa mtu kama Muhangi hilo lilikuwa neno refu, na Anonciata akarudi nyumbani kufungua mizigo aliyokuwa ameshaifunga.

Wiki ile kila mtu alikuja kuchukua ufunguo wake kwangu, ingawa haukuwa na maana tena, na walio na uwezo waliagiza makufuli mapya kutoka Murongo. Wengine wakaweka mawili. Usiku mbwa wakibweka watu walitoka kutazama vyumba vyao, jambo ambalo zamani halikuwepo. Majina nikayaandika upya milangoni kwa rangi, herufi kubwa, kwa gharama yangu, na Placida alisimama nyuma yangu kuhakikisha. Kazi ya kuendesha mashine hawakuninyang'anya. Walisema hawana mwingine anayeweza kuzungusha hendeli.

Jumatatu asubuhi Anastazi alikuja kazini kama kawaida. Tukawasha mashine, tukaiacha ipate joto. Nilitaka kusema kitu cha kumfurahisha, nikasema haki ilionekana, na kwamba mimi tangu mwanzo nilisimama upande wake, kila mtu alisikia.

Alikuwa anafunga kitambaa kichwani cha kubebea magunia.

"Kaka Gozi," akasema, "uliponiambia nijaribu ufunguo wangu kwenye kufuli la mzee, ulijua sitalifungua kwa sababu gani? Ulikuwa unaniamini mimi, au ulikuwa unaliamini kufuli?"

Ningeweza kumdanganya. Mashine ilikuwa inapiga kelele, ningeweza hata kujifanya sijasikia. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa na akili.

"Kufuli," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, bila hasira, kama mtu aliyethibitishiwa bei.

"Mimi nilikuwa nakuamini wewe," akasema. "Ndiyo maana nilijaribu."

Kisha akainama, akalitwika gunia la kwanza, na mimi nikaenda kushika upande wa pili.